Jinsi nilivyoipanga hadithi ya Freddie Mercury kwa matembezi ya Mji Mkongwe

Wageni wengi wanaofika Unguja wakimuulizia Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, huonyeshwa mlango mmoja wa Shangani, wakapiga picha, wakaondoka. Namna mtoto wa mshika fedha wa Mahakama Kuu alivyofika kuimba mbele ya ulimwengu mzima haielezwi. Nimeipanga hadithi hiyo iingie katika matembezi ya saa moja na nusu, na hapa naandika nilivyofanya, kwa ajili ya watembeza wageni wenzangu na walimu wanaowatembeza wanafunzi wao.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipanga miaka kwenye karatasi moja kabla ya kufikiria njia ya kupita. Farrokh Bulsara, ambaye baadaye ndiye Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Akiwa na miaka minane alipelekwa bweni katika shule ya St Peter's, Panchgani, mji wa milimani upande wa Bombay. Alirudi Unguja 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Januari, familia ikahamia Uingereza. Ukihesabu vizuri unaona kwamba Unguja aliishi miaka minane ya mwanzo na takriban mwaka mmoja wa ujana. Mingine yote ni ya India na London. Hesabu hii ndiyo iliyonipa mgawanyo wa muda, kwa sababu anayetumia saa nzima Shangani analazimika kujaza hadithi kwa mambo ya kubuni.

Vituo ni vitatu. Naanzia Vuga, mbele ya jengo la zamani la Mahakama Kuu, dakika 20. Kisha Shangani, Barabara ya Kenyatta, dakika 20. Namalizia Forodhani, dakika 40. Kutembea kwenyewe kote hakuzidi dakika 10 kwa mwendo wa pole. Asubuhi saa tatu ndiyo saa nzuri. Jioni kuna upepo, lakini wauza vyakula wakishaanza kuwasha majiko Forodhani hakuna atakayekusikia. Ijumaa siendi kati ya saa sita na saa nane mchana.

Vuga nimeichagua kwa sababu ni mahali penye uhakika. Bomi Bulsara, baba yake, alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Kiingereza, na jengo lile la 1908, kazi ya msanifu J. H. Sinclair, bado limesimama. Familia ilikuwa ya Kiparsi, na hapo naeleza Waparsi ni nani: wafuasi wa Zarathustra ambao mababu zao walitoka Uajemi wakalowea Gujarati, na baadhi yao baadaye wakavuka bahari kuja pwani yetu kufanya kazi za ofisi na biashara. Jina Bulsara linatokana na mji wa Bulsar, Gujarati, ambao sasa huitwa Valsad. Nyumbani lugha ilikuwa Kigujarati. Kosa linalorudiwa sana ni kumwita Mhindu au Mwislamu, na mgeni wa Kiparsi akiwemo kwenye kundi, imani yake kwako imekwisha palepale.

Naeleza pia mshahara wa karani wa serikali ulikuwa na maana gani. Haikuwa familia ya mabwanyenye, wala haikuwa ya kimaskini. Iliweza kumlipia mtoto nauli ya meli na ada ya bweni ng'ambo, na bila hiyo ada pengine tusingekuwa na mpiga piano. Kule Panchgani ndiko alikofunzwa piano na kufaulu mtihani wa daraja la nne, ndiko alikoanza kuitwa Freddie, na ndiko alikoanzisha na wenzake bendi ya shule, The Hectics, akiwa na miaka kumi na miwili hivi. Wasikilizaji hushangaa nikiwaambia kwamba katika bendi hiyo yeye alikuwa nyuma, kwenye piano, na mwimbaji wa mbele alikuwa mwanafunzi mwingine. Nalikazia jambo hili, kwa sababu tabia ya kutunga akiwa amekaa kwenye piano inaonekana katika nyimbo zake nyingi kubwa za baadaye.

Meno nayaeleza hapohapo, maana swali litakuja tu. Alikuwa na meno manne ya ziada nyuma ya taya la juu, yakayasukuma ya mbele. Alipopata fedha hakuyang'oa, akihofia sauti ingebadilika.

Shangani ndipo penye mtego. Kuna nyumba zaidi ya moja zinazodaiwa kuwa ndiyo nyumba yao, na familia iliishi katika sehemu zaidi ya moja. Mimi nasimama mbele ya jumba la makumbusho lililofunguliwa 2019 Barabara ya Kenyatta, nasema wazi kwamba madai ni mengi, naendelea. Anayetaka kuingia ndani anaingia baada ya matembezi, la sivyo kundi linakatika vipande viwili na ratiba yote inavurugika.

Hapa pia nasema, kwa sauti ya kawaida na bila kunong'ona, kwamba si kila mtu Unguja anafurahia jina lake kutumiwa. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO ikapinga kwa sababu za dini na maadili, na sherehe ikafutwa. Mgeni anayelijua hili hatapiga kelele mtaani wala kuwauliza wazee waliokaa barazani maswali ya kuwakera. Kwa sababu hiyohiyo nyimbo sizipigi Shangani. Vichochoro vinakuza sauti, madirisha yako juu ya kichwa chako, na watu wanaishi mle.

Nyimbo nazipiga Forodhani, tukiwa tumekaa, kwa spika ndogo ya mkononi. Sipigi wimbo mzima. Nimekata vipande vinne vya sekunde 15 hadi 20 na kuvihifadhi ndani ya simu, kwa namba, 1 hadi 4. Ukitegemea intaneti pale itakuangusha, na ukianza kutafuta wimbo huku watu wanakutazama, hadithi imepoa. Spika nayo nailekeza baharini kidogo, si kwenye masikio ya waliokaa jirani.

Sehemu hii ndiyo ndefu kwa makusudi. Filamu ya 2018 kuhusu Queen, Bohemian Rhapsody, imewafanya watu waamini kwamba kijana aliwakuta wanamuziki nje ya ukumbi usiku mmoja, akawaimbia, akawa nyota. Mambo hayakwenda hivyo. Tangu atue Uingereza hadi albamu ya kwanza ilipita miaka tisa, na ni hiyo miaka tisa ninayotaka msikilizaji aondoke nayo.

Familia ilifikia Feltham, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na Freddie alifanya vibarua huko Heathrow wakati akisoma. Alisoma kwanza Isleworth, kisha chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza 1969 katika uchoraji na usanifu wa michoro. Ealing alisoma pamoja na Tim Staffell, mwimbaji na mpiga besi wa bendi ya Smile, ambayo Brian May alipiga gitaa na Roger Taylor ngoma. Kwa hiyo aliwajua mapema, akiwafuata kwenye maonyesho na kuwashauri wavae vipi na wasimame vipi. Na yeye na Taylor walikuwa na kibanda cha nguo za mitumba pale Kensington Market. Wasikilizaji wa kwetu huielewa biashara ya mitumba bila maelezo.

Kabla ya Smile kumchukua, alipitia bendi nyingine. Mwaka 1969 aliingia Ibex, vijana wa Liverpool, baadaye wakajiita Wreckage. Mwaka 1970 akaingia Sour Milk Sea. Hazikudumu, lakini ndimo alimojifunza kusimama mbele. Inasimuliwa kwamba nguzo ya kipaza sauti ilivunjika mikononi mwake jukwaani, akaendelea na kipande cha juu, na ile nusu nguzo ikawa alama yake maisha yote. Faida yake ni ya kikazi kabisa: nguzo nzima yenye kitako kizito inakufunga mahali pamoja, nusu nguzo inakuachia miguu.

Staffell alipojitoa 1970, Freddie akaingia, akaipa bendi jina la Queen, na karibu na wakati huo akaacha Bulsara akawa Mercury. Alama ya bendi aliichora mwenyewe kwa ufundi wa Ealing, akitumia nyota za kuzaliwa: simba wawili kwa Taylor na kwa John Deacon, mpiga besi aliyeingia baadaye, kaa kwa May, na wasichana wawili wa kichawi kwa yeye mwenyewe, kwa kuwa nyota yake ni Mashuke. Nimeichapisha kwenye karatasi ngumu ya A4, naizungusha mkono kwa mkono. Inaeleza kuliko maneno kwamba huyu alikuwa mbunifu wa picha aliyeimba.

John Deacon aliingia 1971, baada ya wapiga besi watatu kujaribiwa na kuondoka. Mwaka huohuo walipata nafasi ya kurekodi nyimbo tano bure katika studio za De Lane Lea zilizokuwa zikijaribu mitambo mipya. Kisha kampuni ya Trident ikawachukua, ila waliruhusiwa studio pale tu wanamuziki wakubwa walipokuwa hawaitumii, mara nyingi usiku. Ndiyo maana albamu iliyorekodiwa 1972 ilitoka tarehe 13 Julai 1973. Napiga kipande namba 1, "Keep Yourself Alive", singo yao ya kwanza, ambayo haikuingia kwenye chati ya Uingereza. Nawaacha wasikie gitaa linavyochelewesha sauti ya mwimbaji kuingia.

Kipande namba 2 ni piano ya mwanzo wa "Seven Seas of Rhye". Februari 1974 kipindi cha televisheni cha Top of the Pops kilipungukiwa na David Bowie, wakaitwa Queen kuziba pengo, wimbo ukapelekwa madukani haraka na kufika namba 10. Linganisha namba 1 na namba 2: huu wa pili unamshika msikilizaji ndani ya sekunde tano. Mwaka huohuo walikwenda Marekani wakiwatangulia jukwaani Mott the Hoople, safari ikakatika kwa sababu May aliugua homa ya ini. Novemba ikatoka albamu ya tatu, na "Killer Queen", kipande namba 3, ukafika namba 2 Uingereza. Hapo jina lilikuwa limejengeka, ila fedha zilikuwa bado mikononi mwa wengine, na 1975 wakaachana na Trident, John Reid akawa meneja.

Kwa kipande namba 4 natumia dakika kumi kamili. "Bohemian Rhapsody" ulianza kurekodiwa Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, karibu na Monmouth, Wales, na prodyuza Roy Thomas Baker. Ugumu ulikuwa kwenye kwaya ya katikati. Waliimba watu watatu tu: Taylor sauti za juu, Mercury za kati, May za chini. Mashine ilikuwa na njia 24 za sauti. Walijaza njia kadhaa, wakazichanganya na kuzihamishia kwenye njia moja au mbili, wakafuta, wakajaza tena. Kila ukihamisha, sauti inafifia kidogo na mchakacho unaongezeka, na mkanda wenyewe ulipita kwenye vichwa vya mashine mara nyingi hadi unga wake ukabanduka, ukaweza kuona mwanga upande wa pili. Tabaka za sauti hutajwa kufika 180. Naziweka sekunde 20 za "Bismillah", kwa sauti ya chini, na ikikaribia adhana naiacha kabisa.

Wimbo ulikuwa na dakika 5 na sekunde 55, na redio zilitaka karibu nusu ya urefu huo. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, alipewa nakala, akaipiga mara 14 mwisho wa wiki mmoja. Singo ilitoka 31 Oktoba 1975, ikakaa namba 1 Uingereza wiki tisa. Video ya Bruce Gowers ilipigwa kwa saa chache tu Novemba, kwa sababu bendi ilikuwa inaingia safarini na kwaya ile isingewezekana kuigizwa vizuri studioni kwa televisheni.

Hapo nasimama. Live Aid, tamasha la hisani la 13 Julai 1985, wataiuliza, na jibu langu ni fupi: siku ile albamu yao ya kwanza ilikuwa inatimiza miaka 12 kamili, na wala hawakuwa wametengana kama filamu inavyoonyesha. Walikuwa wametoa albamu 1984, na ziara yake ilikuwa imemalizika Mei 1985 huko Japani. Kwa hiyo ile ni hadithi ya nyota aliyekwishapanda, na inahitaji matembezi yake.

Kwa wanafunzi nabadilisha mambo mawili. Naanza na ramani ya Bahari ya Hindi yenye Unguja, Bombay na London, kwa sababu bila ramani hawajui safari ile ya meli ilikuwa na ukubwa gani. Na badala ya vipande vinne napiga namba 2 na namba 4 tu, kisha watatu kati yao waimbe silabi moja kwa sauti ya juu, ya kati na ya chini kwa pamoja. Kundi lisizidi watu 12. Likizidi, walio nyuma hawasikii spika, wanaanza kuzungumza wenyewe, na unalazimika kuiongeza sauti mpaka inafika kwa wasiohusika.