Jinsi nilivyoacha kuyumba kila nilipoghairi kutua

Nilipokuwa nikijifunza urubani Tanga, kila nilipoghairi kutua na kuipa injini nguvu zote, ndege ndogo ya Cessna 172 ilinyanyua pua ghafla na kuvutika kushoto, huku kasi ikishuka na honi ya tahadhari ikilia. Nililaumu upepo wa kusi, ambao kwa kweli husumbua karibu na ardhi, lakini safari hii ulionewa.

Mwalimu wangu alinieleza kwamba trimu, yaani kirekebishi cha mkiani kinachoshikilia pua mahali rubani anapoitaka, ikiwekwa kwa mwendo wa polepole wa kutua huinua pua mara injini inapopata nguvu, na kwamba rafadha (panga boi la puani), ambayo ikitazamwa kutoka kiti cha rubani huzunguka kulia, huipeleka ndege kushoto. Miguu yangu ilikuwa imelala tu. Tulipanda juu, mbali na ardhi, tukarudia zoezi hadi mikono na miguu ikaelewana: nguvu zote, pedali ya kulia ikanyagwe kuzuia pua isiende kushoto, usukani usukumwe mbele kwa uthabiti, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua) zipunguzwe papo hapo kutoka digrii 30 hadi 20, na zilizobaki zikunjwe kidogo kidogo ndege ikishapanda na kasi kufika noti 60 (kama kilomita 111 kwa saa). Trimu hurekebishwa baadaye. Alasiri iliyofuata nilighairi kutua mara tatu, na ndege haikuacha mstari wa katikati.