Cheni ya taiming huumwa asubuhi tu

Wenye IST, Vitz au Probox za injini ya 1NZ njooni hapa kidogo.

IST yangu ilianza hivi, nikiwasha asubuhi inapiga krrrrr kama mtu anatikisa kopo la Blue Band lina misumari, sekunde mbili tatu, alafu kimya kabisa kama sio yenyewe. Naipeleka gereji pale Ilala, nafika saa nne injini imeshapata moto, fundi anafungua boneti anasikiliza weee, anasema bro hii injini iko safi. Mmoja akanibadilishia feni belti na bearing ya alternator, hela ikaenda, kesho yake krrrrr. Mwingine akasema tia oili nzito 😂

Aliyeipatia alifanya kitu kimoja tu, akasema niachie gari ilale hapa. Asubuhi nimefika na chapati yangu mkononi namkuta kaweka bisibisi ndefu kwenye kava ya cheni, mpini sikioni, dogo anawasha. Akacheka.

Iko hivi, cheni ya taiming ndo inaunganisha krankshafti, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, ile inayofungua valvu. Sasa ile tenshena inayokaza cheni inasukumwa na presha ya oili. Gari ikilala presha hamna, ukiwasha cheni inakuwa imelegea mpaka presha ipande. Cheni ambayo haijachoka hapo husikii kitu, iliyochoka inachapa kava. Alafu sio kwamba chuma kinavutika kama mpira, ni pini za viungo zinalika kidogo kidogo, na viungo viko zaidi ya mia. Fundi alitundika ya zamani na mpya kwenye msumari mmoja, ya zamani imeshuka chini milimita kadhaa hivi unaiona kwa macho, na tenshena yenyewe ilikuwa imetoka karibu yote, haina pa kusukuma tena.

Watu wananiuliza ubadilishe kilomita ngapi. Belti ndo ina namba, Toyota nyingi 100,000, cheni haina namba ya hivyo, na hizi gari zetu kilomita za dashibodi nani anaziamini bana. Kinachoiua ni oili. Mimi nilikuwa nasukuma oili ileile mpaka kilomita 9,000 naona kama nabana matumizi, kufungua kava kumbe ndani lami tupu.

Ukiona makelele ya asubuhi, silensa (injini ikiunguruma gari imesimama) inatetemeka, alafu taa ya chekinjini imewaka na mashine ya kupimia inasoma kodi P0016, yani krankshafti na kemshafti hazisomani, hapo usinunue muda. 1NZ cheni ikiruka meno pistoni zinagonga valvu, unahama kwenye bei ya cheni unaingia bei ya injini.

Nilifunga seti nzima, cheni, tenshena na zile plastiki zinazoongoza cheni, sio cheni peke yake. Wiki ya tatu sasa. Nikiwasha asubuhi nasikia pampu ya maji ya jirani, nilikuwa sijui hata kama anayo.