Kanisa la kwetu Urambo limepigwa plasta

Wandugu mwangaluka! Nimerudi Urambo baada ya miaka mingi ya kuzunguka, mji umekua kweli, bodaboda kila kona, tumbaku bado inawatoa watu jasho vilevile, ila leo acha niongelee kanisa la kijijini kwetu maana limenikata maini.

Kwa wasiojua, huku ukristo una umri. Wamisionari wa London Missionary Society walifika kwa Mtemi Mirambo mwaka 1879, daktari wao Southon akafa 1882 kwa ajali ya risasi, Mirambo mwenyewe akafuata 1884, halafu 1898 misheni wakaachiwa Wamoravian, ndo maana ukitaja Moravian huku hakuna anayeshangaa.

Sasa hili la kwetu ni dogo tu, walijenga wazee, tofali mbichi, ukuta mnene mpaka watoto tulikuwa tunakaa dirishani na miguu inaenea, kenchi za mninga, na nje ilikuwa inasiribwa udongo. Jua la Oktoba likiwaka huko nje, ndani unasinzia kwa ubaridi (mahubiri nayo yalichangia). Nimekuta kamati imepiga plasta ya simenti nje kote na rangi ya krimu. Kwa macho linapendeza. Lakini tofali mbichi linavuta unyevu kutoka chini, na simenti hairuhusu utoke kama udongo au chokaa, kwahiyo maji yanabaki humo humo yanalainisha ukuta taratibu. Pale kona ya mashariki nimegonga kwa kidole nikasikia pako wazi kabisa, nikabandua kipande kidogo, nyuma yake udongo mbichi unafinyangika. Fundi ananiambia mwanangu hiyo ndo kisasa.

Makaburini nako mambo ni hayo hayo. Pasaka tumekwenda alfajiri na matarumbeta kama ilivyo desturi, ile ibada ilianzia Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1732, na kwa Wamoravian wa kule mawe ya makaburi yanalazwa chini, saizi moja, tajiri na maskini huwatofautishi. Kwetu zamani ilikuwa hivyo hivyo bila hata kupanga, tuta la udongo na jiwe kichwani basi. Siku hizi kuna vigae, kuna uzio wa nondo, moja limeezekwa bati kabisa, na mwenyewe namkumbuka vizuri alivyokuwa anainunia sadaka, haya tuyaache. Babu yangu yuko pembeni yake na jiwe lake, kivuli cha bati kinamfikia jioni.

Nimeongea na mzee wa kanisa, kasema nilete hoja kwenye kikao, nitaileta. Kama kuna anayemjua fundi anayeielewa chokaa na udongo, awe Tabora au hata Kigoma, anicheki inbox, hiyo plasta ya mashariki nataka tuitoe kabla mvua za Novemba hazijaanza.