Joto chini ya kiti

Mwaka 2016 nilikuwa nakaa Tabata, na kwa karibu mwezi mzima alfajiri yangu ilianza kwa kugonga mlango wa jirani mwenye Noah. Siku za mwanzo aliniuliza maswali. Baadaye akawa anatoka tu kimya, msuli kiunoni, nyaya za kubusti begani. Tunaunganisha, IST yangu inakohoa, inawaka, naondoka kabla foleni ya Mandela haijafunga. Gari otomatiki huwezi hata kuita vijana wakusukumie.

Nilianza na betri, kama kila mtu. Mpya, laki na ushee. Siku tatu ikawaka vizuri, ya nne nikazungusha ufunguo nikasikia tk tk tk, taa za dashibodi zikafifia kama mshumaa. Nikaenda gereji, fundi akafungua boneti, hakupima kitu, akasema, "Bosi, alternata hiyo, haichaji." Tukabadilisha. Ile ya zamani nikamwachia hapohapo. Kesho yake saa kumi na moja nilikuwa mlangoni kwa jirani.

Ni yeye aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, fundi umeme wa meli aliyestaafu. Tulimkuta barazani na kahawa yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo hiyo inayowaamsha watu?"

Alikuja jioni na mita na spana namba 10, basi. Injini imezimwa, betri ikasoma volti 12.5. Akaniambia niwashe: 14.2, yaani betri inachajiwa. Akanitazama juu ya miwani. "Alternata yako haina neno. Na ile uliyoitoa nayo pengine haikuwa na neno." Sikumjibu.

Kisha akazima gari, akabandika tepu kwenye kibonyezo cha mlango ili taa ya ndani ijue mlango umefungwa, akafungua waya wa hasi, akaiweka mita katikati ya waya na betri ili umeme wote unaotoka upite humo. "Usiguse swichi sasa, utaniunguzia mita." Tukakaa nusu saa tukisubiri gari lilale, maana kompyuta zake hazizimiki palepale. Gari lililolala, akasema, halipaswi kula zaidi ya ampea 0.05, za saa na kumbukumbu ya redio. Langu lilikuwa linakula 1.3.

"Tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja ni saa tisa. Piga hesabu." Karibu ampea-saa 12, kwenye betri ya 35. Na mchana mimi natambaa kwenye foleni na AC juu, betri haijai.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mimi namsomea mita. 1.3. 1.3. 1.3. Alipochomoa iliyoandikwa DOME, ya taa ya ndani na redio, ikashuka hadi 0.03. Nikashangilia. Yeye hakushangilia. Akairudisha, akachomoa redio yenyewe kwenye soketi yake. 1.3 tena. Hapo alinyamaza muda mrefu, akainama, akaingiza mkono chini ya kiti cha abiria, akauacha huko.

"Njoo ushike."

Amplifaya, kile kikuza sauti cha redio, ilikuwa ya moto. Si moto wa kuunguza, ule wa chuma kilichoshinda kinafanya kazi. Gari limezimwa zaidi ya saa nzima, redio iko mkononi mwangu, na kitu hiki kiko macho.

Hapo nikakumbuka. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa inaishia masafa ya 90, nusu ya stesheni za Dar hazishiki, nikafunga nyingine na sabufa juu. Muziki ukawa unakatikakatika. Jumamosi moja, kesho yake harusi ya binamu, nikarudi kwa fundi redio nikamwambia afanye awezavyo, nisisikie umekatika tena. Alifanya. Waya wa bluu, ambao redio huutumia kuiamsha amplifaya na kuilaza, aliukata akausokota na wa njano, unaotoka betri moja kwa moja saa zote. Muziki haukukatika tena, kweli.

Mzee alitenganisha zile nyaya, akaulehemu wa bluu mahali pake, ambapo kumbe ulikuwa umelegea tu, akazungusha tepu. Tukasubiri tena nusu saa gizani, tochi ya simu juu ya mita. 0.03. Nilipotaka kumpa pesa akachukua ya kahawa.

Alfajiri nikawasha gari, likaitika mara moja. Nikiwa naligeuza, mlango wa jirani ukafunguka: msuli kiunoni, nyaya begani. Alisimama akasikiliza injini.

"Aa," akasema, akarudi ndani kulala.