Nilivyotuliza kokoto za uani ili kiti cha mama kipite

Sisi tupo Tanga mjini, Chumbageni, na kutoka getini mpaka barazani kulimwagwa kokoto zamani ili masika tusiingize tope ndani. Kwa tope zilisaidia kweli, ila tangu mama aanze kutumia kiti cha magurudumu ikawa tabu, yani yale magurudumu madogo ya mbele yanazama, ukisukuma kokoto zinakimbilia pembeni, mwisho inabidi mtu mwingine aje mbebe kiti chote na mama juu yake na yeye hapendi kabisa kubebwa.

Wengi walisema mwaga zege. Uwanja wetu umeinamia mlangoni, zege ingeleta maji yote ya mvua ndani, ndo nikaamua kuagiza gridi za plastiki kutoka Dar. Ni vipande vyenye matundu kama masega ya nyuki, kina sm 4, vinashikana kimoja na kingine, kokoto inakaa ndani ya tundu haina pa kukimbilia na maji yanapita chini.

Lakini jamani kazi kubwa ipo chini ya gridi. Tulizoa kokoto za zamani, tukachimba, tukashindilia udongo, tukatandika kitambaa cha kuchuja, juu yake kifusi cha mawe kama sm 10 tukakimwagia maji kidogo na kushindilia tena, halafu vumbi la kokoto la kusawazishia. Fundi alitaka kutandika nailoni, "Dada, nailoni si bei rahisi?", nikamwambia hapana fundi, nailoni inazuia maji, yatatuama humo humo na kifusi kitalainika. Hapo sikukubali kabisa.

Pembeni tulisimamisha matofali kwa zege ili gridi zisitembee, tukaacha kinafasi kidogo kwa sababu plastiki inatanuka kwa jua, na jua la Tanga mnalijua.

Kokoto chukueni zile za kupasuliwa zenye kona, sisi tulitumia za nusu inchi, zinabanana vizuri. Zile za mviringo zinateleza tu ndani ya tundu. Kwenye njia ya gari watu wanajaza mpaka zifunike gridi, inaikinga na jua pia, ila kwa kiti cha magurudumu ukizidisha juu unarudi kule kule kwenye kuzama, kwa hiyo tulijaza usawa wa kingo na utando mwembamba sana juu, nikawa napitisha ufagio mgumu mpaka kingo zinaanza kuonekana onekana.

Saa hizi mama anajisukuma mwenyewe mpaka getini kununua vitumbua, nimefurahi sana yani. Pale getini bodaboda wanapogeuzia kokoto zinapungua, naongezea ndoo nasambaza. Inayofuata ni njia ya choo cha nje, ila kule kuna mwinuko mkali na gridi haipunguzi mlima, itabidi kwanza tuchonge mteremko uwe wa taratibu.