Halmashauri kuu ikitembelea tawi, ianze na kitabu cha risiti

Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, hupeleka taarifa na ada ya mwaka kwa Msajili wa Jumuiya. Taarifa hiyo haiandikiki kama matawi, tuseme ya Mbagala na Tegeta jijini Dar es Salaam, hayajaleta hesabu, ndiyo maana halmashauri kuu inatakiwa kuyafuata huko huko.

Msianze na muhtasari wa vikao; huo hupambwa. Ombeni kitabu cha risiti na mhesabu namba za nakala za kaboni. Ikitoka 0114 ikarukia 0116, ulizeni 0115 iko wapi. Hata iliyoharibika hubaki kitabuni, imepigwa mstari na kuandikwa "imefutwa". Kisha pigeni hesabu: wanachama hai 40, kila mmoja 5,000, ni 200,000 kwa mwezi. Benki ikionyesha 145,000, ama 11 hawajalipa na majina yao yapo daftarini, ama pesa imekaa kwa mtu.

Mara nyingi imekaa kwenye simu. Michango inatumwa kwa namba binafsi ya mhazini, inachanganyika na vocha na nauli zake, na mwisho wa mwezi hata yeye hajui kipi ni cha chama. Si lazima awe mwizi. Dawa ni namba ya malipo ya chama, na watia saini watatu benki, wawili wakitosha kutoa.

Kulifungia tawi kuwe hatua ya mwisho. Kwanza barua inayolipa tawi siku 14 kuleta hesabu, tena isainiwe kuwa imepokelewa.