Makomamanga ya Halabja

Dereva aliniita kaka kabla hajalijua jina langu. "Kaka, Halabja?" Nikageuka nyuma, nikidhani pale kituo cha teksi cha Sulaymaniyah kuna Mswahili mwenzangu, maana neno lilimtoka vile vile linavyomtoka kijana wa Darajani anayetaka kukuuzia samaki. Hakukuwa na Mswahili. Nilikuja kufahamu kwamba Wakurdi nao husema kaka, na maana yake kwao haiko mbali na yetu: ndugu wa kiume, tena neno la adabu kwa mwanamume yeyote usiyemjua. Nilikuwa nimeishi Muscat miaka tisa na Kiarabu nakisema, lakini sikuwahi kuitwa kwa neno la nyumbani na mtu asiye wa nyumbani. Safari nzima nilikuwa nikimsubiri alirudie.

Ilikuwa Oktoba 2018. Kazi ilinipeleka Sulaymaniyah, mji mkubwa wa mashariki mwa Kurdistan ya Iraki, kwa majuma matatu, na Alhamisi moja nikapata ruhusa ya kutwa. Wenzangu walinishauri niende kutazama maporomoko ya maji. Mimi nikasema nakwenda Halabja.

Nilikuwa nikiijua Halabja kwa jambo moja tu, lile ambalo dunia nzima inalijua. Tarehe 16 Machi 1988, vita vya Iraki na Iran vikielekea ukingoni, ndege za serikali ya Saddam Hussein ziliumwagia mji huu gesi za sumu, na watu wapatao 5,000 wakafa. Mwaka ule nilikuwa mtoto wa shule Unguja. Picha niliziona ukubwani, na tangu nizione hazijanitoka. Kwa hiyo nilikuwa nakwenda kama mtu aendaye matangani, kimya, na maneno machache ya pole nimeshayapanga kichwani.

Ni kama kilomita 80. Tulikuwa abiria wanne, na kwenye kioo cha mbele ilining'inia picha ya Jalal Talabani, aliyekuwa rais wa Iraki na ambaye alifariki mwaka mmoja kabla. Dereva aliigusa picha kwa kidole akasema, "Mam Jalal." Mam ni baba mdogo, ndugu wa baba, sawa na ami kwetu. Wakurdi walimwita rais wao ami, naye mpaka anakufa akaitika. Nikaliweka neno hilo karibu, na mchana huo huo likanifaa.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliinama dirishani, akawapita wote kwa macho, akasimama kwangu. "Basra?" Nilimwonyesha pasipoti. Swali lenyewe nilishalizoea. Kusini mwa Iraki, Basra na mji wa jirani wa Zubair, wako raia weusi ambao wazee wao walivushwa bahari karne nyingi zilizopita. Wazanji walioasi huko mwaka 869, wakazishinda nguvu majeshi ya khalifa mpaka 883, walikuwa watumwa wa mashamba ya chumvi chumvi nje ya Basra. Jina lao na jina la kisiwa changu shina lake ni moja. Sikuona vibaya kuitwa mtu wa Basra. Niliona kama nimeulizwa ukoo.

Baada ya mji wa Sayid Sadiq uwanda wa Sharazur ulifunguka, mpana, mkavu, rangi ya majani yaliyokwisha vunwa. Mbele yake milima ya Hawraman imesimama kama ukuta, na nyuma ya ukuta ni Iran. Halabja imekaa chini ya milima hiyo, kiasi cha kilomita 15 tu kutoka mpakani.

Nilishuka sokoni, na pale ndipo maneno yangu ya pole yalipokosa pa kwenda.

Soko lilikuwa jekundu. Makomamanga kwenye makasha, kwenye mikokoteni, kwenye turubai zilizotandazwa chini, nyuma ya magari madogo ya mizigo yaliyorudi kinyumenyume mpaka ukingo wa njia. Mengine ya rangi ya matofali, mengine yamepauka na mashavu yakaiva upande mmoja, mengine yamejipasua yenyewe na punje zinaonekana ndani. Halabja ni mji wa komamanga. Kila mwaka msimu huu hufanya maonyesho yake, na Iraki nzima ukitaja hanar, ndilo jina la tunda hili kwa Kikurdi, mtu atakuuliza ni la Halabja au la wapi. Kati ya makasha kulikuwa na jozi mpya za milimani zenye maganda yanayopaka vidole weusi, asali ndani ya sega, mtindi kwenye ndoo, na viatu vyeupe vya klash vya watu wa Hawraman, vinavyofumwa kwa uzi wa pamba juu ya soli ya vitambaa vilivyokazwa pamoja mpaka vikawa vigumu kama ubao. Wanawake walikuwa wakibonyeza makomamanga na kuyapima uzito mkononi kabla ya kuyakubali, kwa uso ule ule wa mama yangu akichagua maembe.

Nilimsalimu kijana mmoja kwa Kiarabu. Akatikisa kichwa, si kwa ubaya, hakunielewa tu. Waliokua baada ya 1991, Wakurdi walipojitoa mikononi mwa Baghdad, wamesoma kwa Kikurdi, na wengi Kiarabu hawakijui. Hata hivyo nilisimama nikiwa na mashaka. Nimekuja mji huu, na ninafungua mdomo kwa lugha ya wale walioupiga. Kijana akaniashiria meza ya pembeni kwa mzee.

Mzee alikaa juu ya kasha lililopinduliwa. Suruali pana, mshipi wa kitambaa kirefu umezungushwa kiunoni mara nyingi, kilemba cha weusi na weupe. Nikamwita mam. Akainua macho haraka, akacheka, akasema, "Sar chaw," yaani juu ya jicho, maneno wanayomwambia mgeni kumaanisha umekaribishwa mahali pa thamani. Kisha akauliza kwa Kiarabu kizito, "Basra?"

"Zanzibar," nikasema.

"Iko wapi?"

"Toka Basra unafuata bahari, unaipita Muscat, unashuka kusini siku nyingi. Bibi yangu alikuwa akila tende za Basra. Zilikuwa zikija na majahazi."

Hilo lilimpendeza kuliko jina la nchi. Akalirudia kwa Kikurdi kwa wenzake, nikasikia Basra, nikasikia neno la tende, nao wakanitazama kama mtu ambaye mizigo yake imekwisha hakikiwa. Akaagiza chai. Ilikuja kwenye bilauri ndogo, nyeusi, sukari imelala chini nusu kidole.

Nilimwomba radhi kwa Kiarabu changu. Nilimwambia kama kinamkera, nitatumia ishara. Akanikazia macho.

"Qurani naisoma kwa Kiarabu," akasema. "Hiki cha kusemea nilikipata Basra. Serikali ilinipeleka jeshini mwaka 1981 kupigana na Iran. Kiarabu changu ni cha handakini. Huko ndiko nilikoona watu kama wewe. Mmoja wa Zubair alikuwa akinigawia mkate. Halafu nikatoroka, nikarudi hapa."

Akachukua komamanga, akatoa kisu kifupi. Nyumbani kwetu tunda hili hukatwa kati kama chungwa, na nusu ya maji yake humwagika. Yeye hakulikata. Alizungusha ncha ya kisu kwenye taji, akaliinua kama kifuniko, na punje moja haikuguswa. Kisha akalitazama ganda kwa nje, akilipapasa kwa kidole gumba, na nilipoangalia vizuri nikaona kwamba komamanga si duara. Lina kingo, kama pembe zilizofichwa, na kila ukingo ndipo ulipo utando mweupe wa ndani. Akapitisha kisu juu ya kila ukingo, juu juu tu, akaingiza vidole gumba viwili, akavuta. Likafunguka vipande sita, kama ua, bila tone la maji. Akaniwekea kipande kiganjani. "Nosh," akasema. Tamu yake ilitangulia, ukali ukafuata nyuma taratibu.

Nilimwambia kwamba bibi alikuwa akichemsha maganda kwa ajili ya tumbo la kuhara. Akapiga goti lake. "Mama yangu pia!" Akageuka tena kwa wenzake kuwapa habari.

Sikumuuliza kuhusu 1988. Najua wanaouliza ni wengi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kasha la mtu, nakunywa chai yake. Yeye ndiye aliyefika huko, na alifikia kwenye mti.

Alisema makomamanga yale ni ya bustani ya baba yake. Siku ile nyumbani walikuwa saba. Waliovuka mpaka kuingia Iran walikuwa wawili. Hakutaja nani na nani. Miezi michache baadaye jeshi liliporudi kuuchukua mji, nyumba zilizobaki zilibomolewa, na watu hawakuruhusiwa kurudi. Yeye alirudi baada ya 1991. Alikuta uwanja. Hakuweza kujua nyumba yao ilikuwa wapi, maana tingatinga lilikuwa limesawazisha kila kitu, mpaka alipoona machipukizi manne mekundu yametoka ardhini. Mkomamanga ukikatwa huchipua shinani. Akahesabu hatua kutoka kwenye machipukizi yale: hapa kisima, hapa mlango, hapa jiko.

"Mti ndio ulionionyesha jiko la mama," akasema.

Alikuwa bado na kisu mkononi. Akakifuta kwa ncha ya mshipi, akakikunja. Kijana wa mwanzo alikuja kuuliza bei ya kitu fulani, mzee akamjibu, wakabishana kidogo, mteja akaondoka na kilo tatu. Nilikaa pale na maneno yangu ya pole, nikayaona madogo mno. Nilichoweza kufanya ni kuomba kilo mbili. Akapima. Mizani ilipokwisha kusimama sawa akaongeza makomamanga mawili, nikamwambia yatosha mam, akaongeza la tatu. Pesa ya chai aliikataa kwa mkono mzima.

Kwenye makumbusho nilifika alasiri. Yalifunguliwa 2003, na mwaka 2006, siku ya kumbukumbu yenyewe, vijana wa hapa hapa waliyachoma moto, wamechoka kuona wakubwa wanakuja kila Machi kuomboleza mbele ya kamera na kuondoka wakati mji hauna barabara wala maji ya kutosha. Yalijengwa upya. Niliposoma hilo kabla ya kwenda nilishtuka. Baada ya kukaa sokoni sikushtuka tena. Watu wale walikuwa wanadai kuhesabiwa pamoja na walio hai.

Ndani kuna picha na sanamu ya Omer Khawar, aliyekutwa amelala kifudifudi nje ya nyumba amemkumbatia mwanawe mchanga. Kuna ukumbi ambao kuta zake zimejaa majina. Nilizunguka nikiyasoma kwa herufi zile zile nilizofundishwa chuoni kwa mwalimu wangu wa Qurani, yale niliyoweza. Ukoo baada ya ukoo, majina yanayofuatana kama watu waliokaa jamvi moja. Nilitaka kuwaona watano wa mzee. Sikuwa nimemuuliza jina la ukoo wake, wala jina lake mwenyewe. Nilikuwa nimemwita mam, naye akaniita kaka, na wakati ule ilitosha. Mbele ya ukuta ule haikutosha. Nikasoma Fatiha kwa wote, nikatoka.

Gari la kurudi lilijaa upesi. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya uwanda, na milima ya Hawraman imekuwa ya zambarau. Nilipakata mfuko wangu, na kila gari lilipoingia shimoni makomamanga yaligongana mapajani mwangu.

Kizuizini askari hakuwa yule wa asubuhi. Alifungua mlango, akanitazama, nikawa tayari kwa swali la Basra. Macho yake yakashuka kwenye mfuko.

"Hanari Halabja?"

Nikaitikia. Nikatoa moja, lile kubwa la ziada, nikampa. Aliligeuza mkononi, akapapasa kingo zake kwa kidole gumba, akaweka mkono kwenye jicho lake la kulia.

"Sar chaw, kaka," akasema, na dereva akatia gia.